Kurekebisha shinikizo la petroli katika gari la tabo: mwongozo kutoka gereji ya Malindi

Wenye magari ya tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada) wanaokuja gereji hapa Malindi wakitaka "kuongezewa presha" mara nyingi huwa wameshanunua regyuleta, kifaa kinachodhibiti shinikizo la petroli. Imo mkononi, inang'aa, ina geji ndogo ubavuni, na wanachotaka kujua ni lini itafungwa. Mimi huwauliza kwanza kama wanajua shinikizo la petroli lililomo ndani ya reli ya injekta (bomba linalozigawia injekta petroli) pale injini inapobeba mzigo mzito, na wengi hawana jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kulipima. Mpangilio wa mwongozo huu unafuata swali hilo: kupima ndiko kunakoanza, kisha waya za pampu, kisha pampu na mipira, na regyuleta huja mwisho.

Maelezo haya yanahusu injini za petroli ambazo injekta zake hunyunyiza mafuta katika njia ya hewa kabla ya valvu, na ambazo zina bomba la kurudisha mafuta tangini. Ndivyo zilivyo Subaru na Toyota nyingi za tabo za miaka ya 1990 zilizoingia kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa. Kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari la umri uliozidi miaka 8, magari ya rika hilo yamekwisha kaa nchini muda mrefu, na mipira yake ya petroli ni mikongwe kama yenyewe. Gari linalonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ni jambo jingine kabisa: lina pampu ya pili inayoendeshwa na injini, shinikizo lake huvuka bar 100 (bar ni kipimo cha shinikizo), na mchirizi wake unaweza kupenya ngozi ya mkono. Hilo lisiguswe kwa maelekezo ya hapa. Gari lisilo na bomba la kurudisha nalo lina regyuleta yake ndani ya tangi, na huwezi kulifungia ya nje bila kulipangia mabomba upya.

Shinikizo linabadilisha nini

Injekta ni bomba dogo linalofunguka na kufungika kwa umeme. Kiasi kinachopita hutegemea muda inaokaa wazi na tofauti ya shinikizo kati ya upande wa reli na upande wa manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayoingiza hewa katika injini. Tofauti hiyo katika magari mengi ni bar 3. Wengi hudhani kwamba ukiongeza shinikizo kwa thuluthi, petroli nayo huongezeka kwa thuluthi, lakini sivyo, kwa sababu mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo, yaani mzizi wake. Injekta inayopitisha sentimita za ujazo 550 kwa dakika katika bar 3 itapitisha takriban 594 katika bar 3.5, ambalo ni ongezeko la asilimia 8, na takriban 635 katika bar 4, ambalo ni asilimia 15 na kitu. Ongezeko hilo lina faida, ila ni dogo kuliko watu wanavyotarajia, na pampu ndiyo inayolilipia, kwa maana kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo pampu inavyotoa mafuta machache na kuvuta umeme mwingi.

Jambo la pili ni kwamba regyuleta ina mpira mwembamba unaotoka manifoldi. Injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, manifoldi inavuta, na shinikizo la reli hushuka hadi karibu bar 2.4 ukiipima kwa geji. Tabo ikisukuma bar 1, reli hupanda hadi bar 4. Katika hali zote mbili tofauti inayoonwa na injekta ni ileile bar 3. Anayeona geji ikipanda kwa kukanyaga mafuta asishtuke. Lenye kushtua ni geji isiyopanda.

Kwa sisi tulio usawa wa bahari kuna jambo ambalo mafundi wa bara hawalioni. Shinikizo la hewa Malindi ni karibu bar 1.01, na Nairobi, iliyo juu kwa takriban mita 1,700 na zaidi, ni karibu 0.82. Tabo iliyowekwa kusukuma bar 1 juu ya hewa ya nje itaijaza injini bar 1.82 kule na bar 2.01 hapa. Hewa inazidi kwa takriban asilimia 10, na ingawa joto letu linakula sehemu ya ziada hiyo, petroli nayo lazima iongezeke. Gari ambalo injekta zake zilikuwa zimefika ukingoni Nairobi halina akiba tena likiteremka pwani.

Niliwahi kuletewa Subaru Impreza ya namna hiyo. Kijana mwenyewe alisema imeanza kugonga tangu alipovuka daraja la Kilifi, na akaongeza, "Ami, hebu nipandishie presha kidogo, najua ni petroli haitoshi." Kweli petroli ilikuwa haitoshi. Lakini volti zilizokuwa zikifika kwenye pampu zilikuwa 11.2 ilhali betri ilionyesha 13.9, na kosa lilikuwa katika bolti moja ya waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) chini ya kiti cha nyuma, iliyofanya kutu ya kijani. Tungeipandisha regyuleta siku ile tungeizidishia mzigo pampu iliyokwisha kunyimwa umeme, na pistoni ndizo ambazo zingelipa.

Kabla ya kufungua chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujaa shimoni, na huwaka hata petroli ikiwa ya baridi sana. Kwa hiyo kazi hii haifanywi juu ya shimo la gereji, haifanywi ndani ya banda lililofungwa, na haifanywi siku ambayo jirani anachomelea geti au mama wa chakula ana jiko la mkaa upande ambao upepo unaelekea. Pwani upepo haukosi. Weka gari ili upepo uondoe mvuke, usiulete kwako. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa unga au wa povu, na uwe mkononi, si ofisini. Maji hayafai, maana petroli huelea juu yake na moto huenda nayo.

Toa shinikizo kwanza. Chomoa fyuzi au rele (swichi inayoamrishwa kwa umeme) ya pampu, washa injini iache izime yenyewe, kisha izungushe kwa starta sekunde chache tena. Fungua kifuniko cha tangi ili hewa itoke. Ondoa kichwa hasi cha betri. Baada ya hayo yote bado petroli kidogo itatoka utakapolegeza mpira wa kwanza, kwa hiyo uzungushie kitambaa, vaa miwani, na kitambaa hicho kisitupwe ndani ya gari. Usifanye kazi hii injini ikiwa imetoka safarini. Iache ipoe, kwa kuwa manifoldi ya ekzosi huwa karibu na mabomba.

Kupima

Unahitaji geji ya mafuta inayosoma hadi bar 7 hivi, kiungo cha matawi matatu kinacholingana na mpira wako, na mita ya umeme. Geji huingizwa kati ya filta na reli. Rudisha betri na fyuzi, washa swichi bila kupiga starta ili pampu ijaze, na ukague kila kiungo kwa jicho na kwa pua kabla injini haijawaka. Hatua hii itarudiwa kila utakapofungua kitu, nami sitaitaja tena.

Andika vipimo vinne katika daftari. Cha kwanza ni injini ikizunguka tuli na mpira wa manifoldi ukiwa umechomolewa kwenye regyuleta na kuzibwa. Hicho ndicho shinikizo la msingi. Cha pili ni mpira ukiwa umerudishwa. Ukiuchomoa ukakuta petroli ndani yake, kiwambo cha regyuleta kimepasuka, na gari hilo linahitaji regyuleta hata kama mwenyewe hakuwa na nia ya kununua. Cha tatu ni baada ya kuzima: shinikizo lisiporomoke ghafla. Likiporomoka, ni valvu ya pampu, au injekta inayovuja, au regyuleta isiyofunga, na katika joto la hapa utalijua kwa gari kukataa kuwaka baada ya kusimama robo saa juani.

Cha nne ndicho chenye maana kuliko vyote, nacho ni shinikizo chini ya mzigo. Geji ya mafuta yenye mpira wa petroli haiingizwi ndani ya gari hata kwa dakika moja; ifungwe nje, juu ya boneti karibu na kioo, ikibanwa na waipa na utepe, na msaidizi ndiye aisome huku dereva akitazama barabara. Anayetaka kuisoma ndani atumie sensa ya umeme, ambayo hupitisha waya tu. Gereji nyingi za huku hazina dainomita, mashine ya kupima nguvu ya gari likiwa limesimama, kwa hiyo jaribio hufanywa barabarani: sehemu iliyonyooka, isiyo na punda wala watoto wa shule, gia ya pili, mafuta yakikanyagwa yote kwa sekunde chache, na kuachiwa kabla ya kufika kikomo cha mwendo cha barabara hiyo. Shinikizo lipande sawasawa na tabo. Tabo ikisoma 0.8, reli isome msingi wako jumlisha 0.8. Likianza kupanda kisha likarudi nyuma mizunguko inapoongezeka, achia mafuta hapohapo na usirudie jaribio. Umeshapata jibu kwamba petroli haifiki.

Umeme wa pampu

Chumvi ya bahari huanza na waya za athi. Pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imezimwa, kisha linganisha na za betri katika dakika hiyohiyo. Tofauti ikizidi nusu volti, tafuta inapopotelea: weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya hasi wa pampu, halafu fanya vivyo hivyo upande wa chanya. Mara nyingi kusafisha bolti mbili kwa msasa na kuzipaka grisi kunarudisha shinikizo lililosemekana limepotea, na mteja anaondoka na regyuleta yake mpya mfukoni.

Ikiwa utafunga pampu kubwa zaidi, waya za kiwandani hazitoshi. Vuta waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka betri hadi nyuma, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri ili waya wote uwe chini ya ulinzi wake. Kwa pampu inayovuta ampia 15 hivi, fyuzi ya 20 inafaa. Rele huwekwa karibu na pampu: waya wa betri kwenye mguu wa 30, pampu kwenye 87, waya wa zamani wa pampu kwenye 86, na athi kwenye 85. Huo waya wa zamani ndio unaoamrisha rele, na usiruke hatua hiyo kwa kuiunganisha rele na swichi ya kawaida. Kompyuta ya injini hukata pampu injini inapozima, na gari likipinduka ndiko kukata huko kunakozuia petroli isiendelee kumwagika. Baadhi ya magari yana kisanduku kinachoipunguzia pampu umeme injini ikiwa tulivu. Hapo rele ya kawaida itatetemeka ikiunganishwa na waya wa zamani, na lazima kwanza ujue waya gani unabeba amri isiyobadilika.

Pampu, filta na mipira

Hesabu ya pampu ni fupi. Injini ya tabo hula karibu kilo 0.27 za petroli kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi inapokanyagwa yote. Farasi 300 ni kilo 81, na kwa kuwa lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.74, hizo ni lita 110 kwa saa. Ongeza moja ya tano kwa akiba, upate lita 132, na zisomwe katika shinikizo utakalotumia kweli, tabo ikiwa inasukuma, si katika lile la jalada la boksi. Pampu inayouzwa kwa jina la lita 255 inatosha kwa gari hilo na inabaki. Hakuna haja ya kununua kubwa kupita hapo. Mafuta yasiyotumika huzunguka kwenye injini ya moto na kurudi tangini yakiwa na joto, na jua la Malindi halihitaji kusaidiwa kuyachemsha. Zaidi ya hayo, pampu kubwa mno inaweza kuishinda regyuleta ya kiwandani, shinikizo la tuli likapanda lenyewe bila mtu kuligusa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokuambia kama injekta zako zinatosha: lita 110 zikigawanywa kwa silinda nne ni sentimita za ujazo 458 kwa dakika kwa kila moja, ikiwa zingekaa wazi muda wote. Haitakiwi zipite asilimia 85 ya muda, kwa hiyo unahitaji za 540 au karibu na hapo. Aliye na za 440 akitaka farasi 300 hataokolewa na shinikizo, na heri anunue injekta.

Katika kufunga pampu, badilisha filta kwa wakati mmoja, na ukague oringi ya kifuniko cha pampu kilicho juu ya tangi. Ikiwa imetanuka haitarudi mahali pake, weka mpya. Mpira ulio nje ya tangi uwe na maandishi 30R9 ubavuni. Ule wenye 30R7 ni wa gari la kabureta na haukutengenezewa shinikizo hili, hata kama muuzaji wa spea anaapa. Kipande kinachozama ndani ya petroli kinataka 30R10, kwa sababu 30R9 ikilowekwa huoza kuanzia nje. Klipu ziwe zile za mviringo kamili zinazobana sawasawa, maana za matundu hukata mpira. Utepe mweupe wa mafundi bomba usiwekwe kwenye viungo vya petroli; vipande vyake huishia ndani ya injekta.

Regyuleta

Sasa ndipo inapofungwa, ikiwa bado unaihitaji. Iweke mwisho wa reli, baada ya injekta zote, mbali na ekzosi, na shikizo lake lifungwe kwenye bodi badala ya kuning'inia kwenye mipira. Bomba la kurudi lisibanwe wala kupunguzwa upana. Mpira wa manifoldi uwe wake peke yake, mfupi, umefungwa kwa klipu. Usiugawane na geji ya tabo wala valvu nyingine, kwa kuwa ukivuja, shinikizo halitapanda tabo inaposukuma.

Legeza nati ya kufungia, washa injini, chomoa mpira wa manifoldi na uuzibe, kisha zungusha skrubu polepole huku ukitazama geji. Kuzungusha kwenda ndani huongeza. Anza na bar 3 ileile ya kiwandani hata kama lengo lako ni 3.5, uendeshe hivyo siku moja, na uone kama vipimo vinne vya mwanzo vinarudi. Ukisharidhika, panda kwa robo bar. Binafsi sivuki bar 4 ya msingi: juu ya hapo pampu inachoka na baadhi ya injekta huchelewa kufunguka. Kaza nati, kisha tazama tena geji, kwa sababu kukaza huisogeza skrubu.

Kompyuta ya injini

Shinikizo likibadilika, kompyuta haijui. Inaendelea kufungua injekta kwa muda uleule, na petroli inazidi. Katika mwendo wa taratibu sensa ya oksijeni itasahihisha sehemu ya ziada hiyo, lakini mafuta yakikanyagwa yote kompyuta hufuata ramani yake, yaani jedwali la kiasi cha petroli lililoandikwa ndani yake, bila kuuliza. Ndiyo maana ramani lazima iandikwe upya na mtu mwenye vifaa, ukimpa namba mbili: shinikizo jipya la msingi na ukubwa wa injekta. Atabadilisha pia muda wa kuchelewa kwa injekta, ambao hukua pamoja na shinikizo, na usipobadilishwa injini hutetemeka ikiwa tuli. Mwambie petroli unayonunua ni ya hapa. Ramani ya gari la Japani iliandikwa kwa petroli yao ya juu, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili bila injini kugonga).

Funga sensa ya oksijeni ya masafa mapana, kwani ile ya kiwandani haisomi vyema katika mchanganyiko wenye petroli nyingi. Kwa injini nyingi za tabo chini ya mzigo wote, uwiano wa hewa na petroli unaokaa karibu na 11.5 kwa 1 ni salama. Ukiona unakimbilia 13, yaani petroli inapungua, achia. Sikiliza pia: mlio wa kokoto zikitikiswa kwenye kopo ni injini kugonga, na hausubiri ufike nyumbani. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kuhusu mabadiliko hayo kwa maandishi, kwani jambo la namna hiyo likifichwa, madai yanaweza kukataliwa.

Baada ya kilomita 500 kaza tena klipu zote injini ikiwa baridi, pima shinikizo la msingi, na unuse chini ya boneti asubuhi kabla ya kuwasha. Usiliache tangi lishuke chini ya robo, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza pampu, na katika kona kali pampu huvuta hewa. Wenzetu wa Lamu wanaoliacha gari Mokowe na kuvuka kwa boti walijaze tangi kabla ya kuondoka, ili unyevu usipate nafasi ya kujikusanya ndani, na waondoe kichwa hasi cha betri. Wakirudi baada ya wiki kadhaa, wachungulie kwanza chini ya gari, wakirudishe kichwa cha betri, wafungue swichi bila kupiga starta, na wasikilize pampu ikinguruma kwa sekunde mbili kisha kunyamaza. Isiponguruma, wakague fyuzi na bolti ya athi kabla ya kumwita fundi.